Kenta ya marehemu imegoma kupanda mlima, na kila mtu ana mkosaji wake

BARUA

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Soni, wilaya ya Lushoto. Mume wangu alifariki mwaka juzi akaniachia watoto wanne, shamba la karoti na Kenta moja ya zamani, ile yenye injini ya 4D32. Hiyo Kenta ndiyo inayotulisha. Alfajiri inashuka Mombo na kabichi, karoti na hoho za wakulima, jioni inapanda na saruji, unga au mabati ya watu. Dereva ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu.

Fundi wetu ni mzee wa hapa hapa, rafiki wa mume wangu tangu ujana. Tangu gari ifike kwetu hakuna mkono mwingine uliowahi kufungua injini hiyo. Siku ya maziko yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea rafiki yake, na mwanangu wa tatu tulimpa jina lake. Naeleza haya ili uelewe kwa nini habari ya gari inaninyima usingizi.

Mwezi uliopita nilikopa kikoba shilingi 900,000, nikasema sasa gari ifanyiwe sevisi kamili, maana tangu msiba tulikuwa tunabadilisha oili tu. Ilikuwa Jumamosi. Nilikaa pale pale gereji nachambua maharage, sikuondoka. Mzee alimwaga oili, akabadilisha filta ya oili na ya dizeli, akapuliza filta ya hewa, akafungua kifuniko cha juu akaseti tapeti, zile nafasi za valvu. Nilimwona anainua vile vibati vya fila vya kupimia nafasi juani, anavisogeza karibu na jicho, anavipeleka mbali, mwisho akachagua kimoja kwa kupapasa. Nikacheka moyoni, nikasema uzee huo. Shemeji alikuwa chini anakaza bolti za springi. Mimi nikanunua vya kuipendezesha: taa ya nyuma, raba za madigadi, na kifuniko kipya cha tangi chenye ufunguo, kwa sababu siku hizi dizeli inaibwa. Cha zamani kilikuwa aibu. Marehemu alikitoboa kwa msumari, na kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilikitumbukiza stoo kwenye ndoo ya misumari, sina moyo wa kutupa vitu vyake. Kisha tukajaza tangi, kitu ambacho hatujafanya muda mrefu.

Jumapili gari ililala. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri starta ililia mpaka betri ikaanza kuchoka ndipo ikawaka, na moshi mweupe kidogo. Ikashuka Mombo vizuri kabisa, shemeji akanipigia simu akasema gari imekuwa nyepesi. Kurudi, wamepakia mifuko 60 ya saruji, ikaanza vizuri, lakini katikati ya kona ikaishiwa pumzi. Anakanyaga mafuta, haiitiki. Moshi mweusi hakuna. Akashuka gia mpaka ya kwanza, ikazima kabisa, utingo akaruka na jiwe kuzuia tairi. Shemeji akafungua tangi kuangalia kama dizeli ipo. Ipo. Wakawasha kwa tabu, ikapanda kama kilomita nne, ikarudia yale yale. Walifika saa tatu usiku. Wiki nzima ikawa hivyo: asubuhi starta ndefu, kushuka salama, kupanda mateso. Nikasema isimame kabla haijaua mtu.

Sasa maneno. Shemeji anasema mzee haoni tena, ameiharibu, na hakulisema ndani, alilisema stendi mbele ya madereva. Likamfikia mzee. Alikuja jioni moja, akaisikiliza injini, akasema pampu ya dizeli imechoka, ipelekwe Tanga, niandae kama 1,400,000, na kwamba shemeji anaikanyaga vibaya. Kijana wa gereji moja Mombo akasema komprishani imekwisha, injini ifunguliwe yote, 4,800,000. Mtu mwingine akaninong'oneza kwamba mafundi wazee wanachomoa pampu nzima na kukuwekea iliyochoka. Dada yangu wa Korogwe anasema uza. Na shemeji tayari ana mteja wa milioni tisa. Nimejiuliza, huyo mteja amepatikana wapi haraka hivyo?

Leo siku ya 18 gari imesimama uani. Kikoba wananidai. Mzee hapiti tena mbele ya nyumba yangu, anazunguka njia ya chini. Nikimpelekea fundi mwingine, nimemtangazia Soni nzima kwamba mzee ameharibu. Nikirudi kwake, shemeji anasema anaacha kazi. Nimlaumu nani? Na niuze au nitengeneze?

Mama Karoti, Soni


JIBU

Marahaba mama, na pole. Pole ya msiba, maana mwaka juzi ni jana tu, na pole ya siku 18 za kuamka ukaikuta Kenta imesimama pale ilipolala.

Kwanza ujue anayekujibu si fundi. Miaka kumi na moja nilikaa kwenye kiofisi cha yadi ya malori, kazi yangu kujaza kadi za sevisi: gari limeingia lini, limeguswa wapi, dereva analalamika nini. Madereva na mafundi waligombania dirishani kwangu kila wiki. Kwa hiyo barua yako nimeisoma kama kadi, halafu nikaisoma tena kama barua. Ile sehemu ya injini nimemsomea pia fundi mmoja wa pampu ninayemwamini, bila kumtajia Soni wala karoti.

Ulivyoniandikia, gari moja limepewa magonjwa manne. Mzee anasema pampu, kijana wa Mombo anasema komprishani, shemeji anasema macho ya mzee, mnong'onaji anasema wizi. Kila ugonjwa umekuja na mkosaji wake, na miwili imekuja na bei, na wewe umewekwa katikati uchague mtu. Nimetafuta kwenye barua mahali ambapo mmoja wao amepima kitu, sikupaona. Mzee aliisikiliza injini ikinguruma uani, haina mzigo, wakati ugonjwa wenyewe unatokea mlimani. Kijana hukuandika kama aliweka geji au alitazama tu. Huenda walipima na wewe hukuona haja ya kuniambia. Kama ni hivyo uniwie radhi.

Hilo la wizi nianze nalo ili tuliache. Pampu ya injini ile si betri, kwamba mtu anaichomoa ukigeuza shingo. Ina mabomba manne ya nozeli, ina alama za kuiweka sawa na injini, ni kazi ya kuonekana. Wewe mwenyewe umesema hukuondoka. Kama moyo bado unakuuma, pampu ina kibati chenye namba, na unaweza kuuliza kama ipo picha au karatasi ya zamani yenye namba hiyo. Lakini jiulize pia huyo aliyekunong'oneza alikuwa anakuonea huruma, au alikuwa anapitisha muda stendi.

Sasa neno "tangu sevisi". Lina haki yake: gari likiugua siku mbili baada ya kuguswa, unaanza na vilivyoguswa. Kadi zangu zilinifundisha hivyo. Ila mama, mwezi huu huko kwenu ni baridi. Injini ya dizeli haina cheche ya plagi, inawasha kwa joto la hewa iliyobanwa, na hewa ya saa kumi na moja alfajiri Soni pamoja na betri ya siku nyingi vinaweza kuirefusha starta bila fundi yeyote kukosea. Kwa hiyo starta ndefu ya asubuhi na kuishiwa pumzi mlimani yanaweza kuwa mambo mawili tofauti yaliyokutana wiki moja. Yanaweza pia kuwa jambo moja.

Na "ilishuka vizuri" usiipe uzito. Kutoka Soni hadi Mombo hata toroli la mbao linashuka vizuri. Shemeji hakudanganya, gari lenye oili mpya huonekana jepesi, lakini njia ile ya kushuka haiiulizi injini swali lolote. Swali la kwanza waliliuliza jioni, mgongoni ipo saruji tani tatu. Hatuwezi kusema ilikuwa nzima asubuhi ikaugua mchana.

Mstari ambao fundi wangu aliniomba niurudie ni ule wa moshi. Dizeli ikizidi hewa, moshi huwa mweusi. Filta ya hewa ikiziba utauona, nozeli zikimwaga utauona. Oili ikiungua, moshi huwa wa bluu. Injini inayokata pumzi mlimani bila moshi mweusi, mara nyingi ina njaa: dizeli haiifikii ya kutosha, au inafika imechanganyika na hewa. Hapo mzee hayuko mbali na ukweli, kwa sababu pampu iliyochoka nayo huleta njaa. Ila kabla dizeli haijafika kwenye pampu inapita njia ndefu, na pampu ndiyo kituo cha gharama kuliko vyote vya njiani. Kwa nini tuanzie huko?

Tazama filta ya dizeli iliyobadilishwa. Ile ya kopo ina duara la mpira juu. Mara nyingine ukifungua ya zamani, mpira wake unabaki umeng'ang'ania pale juu, umefanana rangi na uchafu, na mtu anafunga filta mpya juu yake. Mpira juu ya mpira haubani sawasawa. Injini ikinguruma pale hutokwa jasho la dizeli, ikilala usiku dizeli inarudi nyuma polepole na hewa inaingia mahali pake. Asubuhi starta inalia. Viungo vya upande wa tangini ni vibaya zaidi, maana pale mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Kiungo kikilegea hakidondoshi hata tone, kinanyonya hewa kimya kimya. Fundi anaweza kuweka kipande cha paipu inayoangaza kwa muda ili muone kama mapovu yanapita, au akaichukulia injini dizeli safi kutoka kwenye dumu lililoinuliwa, gari likiwa limesimama, akaona kama starta ya asubuhi inabadilika. Kisha kuna kutoa hewa kwa kipampu cha mkono mpaka povu liishe. Kazi ya saa moja na kitambaa. Mkiwa hapo hapo, mmwage dizeli kidogo ya chini ya filta kwenye chupa ya kioo muiache itulie. Maji yakiwepo yatakaa chini, mtayaona.

Tapeti. Hapa najua ndipo moyo wako unapouma, kwa sababu uliona. Ukaandika ulicheka moyoni, lakini mtu hakumbuki kwa undani hivyo kitu kilichomchekesha tu.

Injini za aina ya Kenta yako hutaka nafasi ya milimita 0.4 kwenye valvu, injini ikiwa baridi, na kila fundi athibitishe kwenye kitabu chake. Nafasi ikiwa ndogo mno, valvu haifungi kabisa, komprishani, yaani ile hewa inayobanwa ndani ya silinda, inavuja, gari linawasha kwa tabu na kupoteza nguvu. Kwa hiyo kijana wa Mombo naye anaweza kuwa sahihi kwa neno lake na akakosea kwa bei yake: ringi za pistoni hazifi kati ya Jumamosi na Jumatatu, lakini komprishani inaweza kupotea siku hiyo hiyo kwa spana moja iliyokazwa zaidi. Namba za kwenye vile vibati ni ndogo, hata mimi sizioni. Wakati huo huo wako mafundi ambao mkono wao unajua 0.4 kuliko jicho langu linavyojua jina langu. Mzee yupo upande gani, sijui, na wewe hujui. Kukagua tena ni kufungua kifuniko cha juu asubuhi, injini haijawashwa. Gharama kubwa hapo ni gasketi ya kifuniko, na jambo jingine ambalo nitalifikia.

Kabla ya hapo niruhusu nije kwako. Nilisema nimesoma barua kama kadi, na kwenye kadi ningeandika kwamba walioligusa gari siku ile walikuwa watatu: mzee, shemeji, na mama mwenye gari.

Tangi linapotoa dizeli lazima liingize hewa, la sivyo ndani panajengeka mvuto unaoirudisha dizeli nyuma, kama mtoto anayenyonya chupa ya soda bila kuachia mdomo. Vifuniko vingi vina kitundu cha kazi hiyo. Vingine, hasa vya kununua dukani vyenye ufunguo, vina kitundu kilichoziba au havina kabisa. Marehemu alikitoboa cha kwake kwa msumari. Mama, mwanamume anayeogopa vumbi na maji kwenye dizeli hatoboi kifuniko chake bila sababu. Halafu soma tena ulichoniandikia: gari likazima, shemeji akafungua tangi kuangalia mafuta, likapanda kilomita nne, likarudia. Na tangi mlilijaza. Likiwa limejaa, nafasi ya hewa ni ndogo na ule mvuto hujengeka haraka. Linavyopungua, huchukua muda mrefu zaidi. Muulize shemeji kama zile kilomita nne ziliongezeka siku za mwisho wa wiki. Mvuto huo huo unaweza kurudisha dizeli usiku na kunyonya hewa kwenye kiungo kinachobana kwa unyonge.

Sisemi ndicho kifuniko. Injini iliyopumzika dakika kumi inaweza kupata nguvu kidogo hata kama tangi halikuguswa, na barua yako haitenganishi kupumzika na kufungua. Mnaweza kutenganisha wenyewe. Likiishiwa pumzi mara ya kwanza, wapumzike bila kugusa tangi, waondoke, wahesabu kilomita. Mara ya pili wafungue tangi mara moja, wasikilize kama linavuta hewa kwa sauti, wafunge, waondoke papo hapo. Ila si kwa mifuko 60. Injini ikizima kwenye mlima ule, breki hupoteza msaada wake na usukani huwa mzito. Mzigo mwepesi, mchana, utingo na gogo la maana mkononi, si jiwe la kuokota, na wasisimame kwenye kona.

Ikiwa hayo yote yametazamwa na njaa ipo pale pale, basi maneno ya mzee na ya kijana yanarudi mezani. Pampu ina lakiri, na ikishafunguliwa hakuna tena wa kukuambia ilikuwaje. Mafundi wa pampu wenye mashine huweza kuipima kabla ya kuifungua. Omba vipimo vya kabla, uvishike mkononi, ndipo mzungumze fedha. Kuhusu kufungua injini yote, mwombe kijana apime komprishani silinda zote nne kwa geji, baada ya tapeti kukaguliwa. Silinda zikiwa chini, atakuwa amesema kweli na hutakuwa umepoteza kitu kwa kuuliza. Asipotaka kupima na anataka kufungua, hilo nalo ni jibu la aina yake.

Twende kwa watu.

Mzee anapitia njia ya chini. Umenyamaza karibu wiki tatu kwa heshima, naielewa heshima hiyo, nimelelewa nayo. Lakini kwa upande wake imemwachia nini? Amebaki na maneno ya stendi peke yake, na ukimya wako juu yake. Huenda anausoma kama hukumu. Sijui kama umewahi kufikiria kwamba alipokuja jioni ile akasema "pampu", alikuwa mtu aliyetukanwa mbele za watu akitafuta pa kusimama.

Unaweza kwenda nyumbani kwake, si gereji, ukamwambia gari la rafiki yake limekushinda, unaomba mpitie kitu kwa kitu alivyovigusa, na kijana wake mmoja ashike fila huku yeye akielekeza. Ana nafasi ya kukubali bila kuvuliwa nguo. Ana nafasi pia ya kukasirika, na hapo utarudi umebeba kitu kizito kuliko ulichoendea. Na akikubali, akapapasa tena peke yake? Utaweza kusema "mzee, hebu kijana asome namba"? Nakuuliza kwa sababu wewe ndiye utakayekuwa umesimama pale.

Njia nyingine: yeye mwenyewe ndiye aliyesema Tanga. Hilo naona umelipita haraka. Uliogopa kwamba kwenda kwa fundi mwingine ni kumtangaza, lakini mlango wa fundi mwingine ameufungua yeye. Mnaweza kwenda pamoja kwa huyo wa pampu, yeye akiwa mwenye kueleza historia ya injini. Soni itaona mzee amepeleka gari, si mama amemnyang'anya. Hatari yake ni kwamba mtaanzia kwenye kituo cha gharama, kama hamkupita kwanza kwenye filta na tangi. Na ile gharama nyingine ya kufungua tapeti niliyosema nitaifikia ni hii: ikionekana nafasi ni ndogo, mtakuwa mnajua nyote wawili, na hamwezi tena kujifanya hamjui. Wengine hilo huwasogeza. Wengine huwatenganisha.

Shemeji. Kusema stendi alikosea, na umwambie, nyumbani, si mbele ya utingo. Ila yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani gari likizima kwenye kona na tani tatu nyuma. Hofu ya namna ile ikishuka hutafuta wa kumpiga. Siku 18 hizi naye hana posho. Mteja wa haraka anaweza kuwa na maana unayoiogopa. Anaweza pia kuwa dalali wa kawaida. Gari bovu lina harufu kwa madalali kuliko samaki. Umemuuliza mteja ni nani na alianza kuulizia lini, kabla ya sevisi au baada? Uliza kwa sauti ya kutaka kujua.

Kuuza si dhambi, wala si kumsaliti marehemu. Kama umechoka kuwa mwenye gari, kama alfajiri zile zinakumaliza, hiyo ni sababu kamili hata Kenta ipande mlima ikiimba. Kinachonitia wasiwasi ni kuuza leo, kwa sababu ya ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Milioni tisa ni bei ya gari lisilopanda. Linalopanda wangesemaje? Na kadi ya gari ipo kwa jina la nani? Kama bado ni la marehemu na mahakama haijamweka msimamizi wa mirathi, mnunuzi makini atakuuliza, na asiyeuliza ndiye wa kumwogopa zaidi. Watoto wanne wana sehemu yao mle. Shemeji huenda naye anaamini ana ya kwake. Afadhali mlijue hilo kabla fedha haijafika mezani.

Kikoba, nenda kabla ya siku ya kikao, umkute mwenyekiti kwake. Waambie gari limesimama na unapima nini wiki hii. Wanachama wengi ni wakulima wale wale ambao kabichi zao zinasubiri Kenta yako.

Ukiniandikia tena, nitafurahi kujua mzee alisema nini ulipobisha hodi. Na kabla ya safari ya kujaribu, mtume mtoto stoo. Ulisema kipo kwenye ndoo ya misumari. Akisafishe kwa dizeli, asizibe lile tundu, na ule mpira wa baiskeli ukiwa bado mzima uje nao.